Neno la Siri la Baba Gatimu

"Geukeni ukutani!"

Wateja wakageuka. Mwalimu aliyetaka barua ya uhamisho, kina mama wawili wa kikundi cha kusaidiana, na mchungaji aliyeleta mwaliko wa harambee, wote wakaukabili ukuta wa kijani. Wanza, mpiga chapa, naye akainuka kitini na kugeuka, maana amri haikubagua. Hapo Macharia, yaani Baba Gatimu mwenye mashine, akavua kofia yake, akaifunika kibodi kama anayefunika sufuria ya githeri, akapenyeza kidole kimoja chini yake na kuanza kutafuta herufi.

Ta. Kimya. Ta. Kimya kirefu. Ta.

"Haya, geukeni," alisema, jasho likimtoka. "Nimeiruhusu."

Alichokuwa ameruhusu ni saa. Umeme ulipotea asubuhi, saa ya kompyuta ikarudi nyuma miaka mitano, na mashine ikagoma kuirekebisha mpaka mwenye mali aandike neno lake la siri. Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu kompyuta hiyo mpya iletwe Machakos, mwezi wa pili mwaka 2007. Ukiongeza printa, skrini inafifia na kisanduku kinachomoza katikati kuuliza kama mwenyewe ameruhusu. Ukichomeka flash, kinachomoza. Wanza alikubali kwamba mashine inayopiga hodi imelelewa vizuri. Ila hodi ishirini kwa siku ni za jirani asiyewahi kununua chumvi yake.

Kila hodi ilimvusha Macharia barabara. Duka lake lingine, la misumari na mabati, lilikuwa ng'ambo ya pili, kando ya soko, na mara nyingi alifika huku bado ameshika kilo nzima ya misumari ya mteja. Hakulalamika. Kompyuta ya kwanza ilikufa kwa virusi kwa sababu mpiga chapa wa wakati huo, Jeremiah, alijibu "ndiyo" kwa kila alichoulizwa, hata alipoambiwa ameshinda gari huko Marekani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Fundi aliyeleta hii mpya alimwambia aweke neno analolijua peke yake, na Macharia akalishika agizo hilo kuliko alivyozishika zile amri kumi.

"Mama Mutiso," alimwambia Wanza siku ya kwanza ya kazi, "hicho kisanduku ni changu. Siku mtu atakijibu na mimi siko, huyo mtu aende nyumbani."

Wanza alijua vizuri maana ya kwenda nyumbani. Miaka ishirini na sita alipiga taipu kwenye veranda karibu na mahakama, mpaka mawakili wakanunua kompyuta zao na taipu yake ikabaki ya kutagiwa mayai na kuku. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alikuwa amebisha milango tisa, na ni Macharia tu aliyemwambia aketi.

Tatizo lilikuwa masikio yake. Kule kwenye veranda aliwahi kufundisha wasichana kupiga taipu huku yeye amewapa mgongo akipika chai, na akasahihisha makosa yao bila kutazama karatasi. Kwake kila herufi ina kikohozi chake. Na Macharia alikuwa mwanafunzi rahisi kuliko wote: kidole kimoja, polepole, akiguna kila anapovuka kutoka upande huu wa kibodi kwenda ule. Ilipofika siku ya tatu, Wanza alikuwa nalo neno zima kichwani, bila kulitafuta: ciku1958.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na Wanza alijitahidi kuwa kata lisilo na mdomo. Lililomkosesha raha ni jambo lingine. Mke wa Macharia aliitwa Phyllis, mama mpole aliyemletea mumewe chakula kila adhuhuri. Sasa huyu mwanamke Ciku ni nani? Kila Phyllis alipopita mlangoni, Wanza alimsalimia kwa huruma nyingi na kumshika mkono kwa muda mrefu, hata Phyllis akaanza kujiuliza kama ana ugonjwa ambao watu wengine wameuona na yeye bado.

Ijumaa moja Macharia akaenda Katangi kuangalia shamba. Asubuhi hiyo alikuja mwanamume mmoja wa Mitaboni, jina lake Musembi, pamoja na dada yake Pauline. Walitaka programu ya mazishi ya mama yao, ile ratiba yenye majina ya familia yote, nakala mia tatu. Mazishi yalikuwa kesho yake, saa nne. Kazi ilichukua saa nyingi kwa sababu marehemu alikuwa na wajukuu arobaini na mmoja, na kila Wanza alipodhani orodha imeisha, Pauline alikumbuka mmoja aliyeko Mombasa. Saa tisa ikawa tayari. Wanza akabonyeza ili ichapishwe, na umeme ukapotea.

Uliporudi, programu ilikuwapo, ashukuriwe Mungu, lakini mashine ilidai haijawahi kuiona ile printa maishani mwake. Skrini ikafifia. Kisanduku kikachomoza.

Wanza akapiga simu. Mteja hapatikani. Akapiga tena mara nne. Katangi upande wa mashambani mtandao wa simu ulipatikana kwa waliobahatika tu.

"Kwani iko nini, Mama?" Musembi aliuliza.

"Inataka ruhusa ya mwenyewe."

"Si mwenyewe ni wewe?"

"Mimi niko wa kuandika tu."

"Basi tupatie kwa flash tupeleke kwingine."

"Hata flash inataka ruhusa yake."

"Aiya!" Pauline alisema. "Hii ni kompyuta ama ni chifu?"

Musembi hakucheka. Alikuwa ameshika picha ya mama yake, ile ndogo iliyotolewa kwenye kitambulisho. "Mwaitu, huyu mama yetu, hakuenda shule hata siku moja," alisema. "Jina yake haijawahi kuandikwa mahali, ila kwa kipande yake ya kitambulisho. Nilitaka kesho watu waishike kwa mkono."

Wanza alitazama kisanduku, akatazama simu. Aliogopa, tena aliogopa sana, akakumbuka ile milango tisa. Kuanza kuandika upya kwingine wasingemaliza kabla maduka hayajafungwa. Na neno lilikuwa pale pale, kwenye ncha za vidole vyake, likimwasha. Liwalo na liwe.

"Geukeni ukutani," alisema.

Trrr.

"Haya, geukeni."

"Lakini hata hatujageuka," Musembi alisema.

Printa ikakohoa, ikatoa karatasi ya kwanza. Pauline aliipokea kwa mikono miwili na kuanza kulia taratibu, huku akihesabu wajukuu.

Jumapili Wanza hakusikia hata neno moja la mahubiri. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Lakini Jumatatu Macharia alipoingia tu, kabla hajaketi, akamwambia yote.

Macharia akaifunika kibodi kwa kofia yake. "Nani alikupatia pasiwadi?"

"Ni wewe, Baba Gatimu. Umenipatia kila siku tangu mwezi wa pili. Kwa masikio." Akaitaja herufi kwa herufi.

Macharia aliruka, akafunga mlango, akachungulia dirishani kama Phyllis yuko karibu. "Ciku ni ng'ombe!" alinong'ona. "Ng'ombe wa mama yangu! Alinunuliwa huo mwaka, ndiye alinisomesha!"

Wanza alishusha pumzi. Kwa dakika hiyo alisahau kwamba anafukuzwa, kwa jinsi alivyofurahi kwa ajili ya Phyllis.

"Lakini nilisema mtu aende nyumbani," Macharia alisema.

"Ulisema."

"Wacha kwanza nibadilishe. Hayo mengine tutaongea. Toka nje. Toka kabisa."

Wanza akatoka, mlango ukafungwa nyuma yake. Akasimama kibarazani, akajua kwamba ukuta huo mwembamba si kitu kwa masikio yake, akaona njia ni moja. Akaanza kuimba. Aliimba wimbo wa kanisani, ule wa beti sita, kwa sauti yote aliyopewa. Muuza ndizi aliyekuwa hapo chini akadhani ni ibada, akaingiza sauti ya pili. Walifika ubeti wa mwisho, wakarudia kiitikio mara tatu, na bado mlango haukufunguka.

Ulipofunguka, Macharia alikuwa amelowa jasho mpaka kwenye kola.

"Nimeweka mpya," alisema. "Ngumu kabisa. Niliandika mara mbili vile inataka, ikakubali. Sasa imeniuliza, naandika, inakataa."

"Si uandike tena pole pole?"

"Nimeandika mara kumi na moja. Nilichagua ngumu hata mimi imenishinda." Akakohoa. Akatazama ng'ambo kwenye duka lake, kisha akatazama viatu vyake. "Mama Mutiso. Hukusikia kitu?"

"Nilikuwa naimba."

"Najua ulikuwa unaimba. Soko yote inajua. Lakini hukusikia hata kidogo?"

Wanza alimtazama. Muuza ndizi naye akasogea karibu.

"Nikisema nilisikia, niende nyumbani?"

Macharia aliufungua mlango wote. Alirudi ndani, akavuta kile kiti cha mbele ya kompyuta, akakipangusa kwa mkono wa koti lake, akabaki amesimama kando yake akimngoja aketi.