Sheria ya Karakana

Mjukuu wangu ni mtangazaji wa mpira redioni, na sauti yake ndiyo riziki yake. Kwa hiyo kivimbe kilipojitokeza kwenye tezi ya shingo yake, kikakua hadi kumsumbua anapomeza, nyumba nzima ilikosa raha. Vipimo vilionyesha kwamba si saratani. Hata hivyo kilihitaji kupunguzwa, naye kisu alikiogopa kama moto.

Daktari, mwanamke asiyepoteza maneno, alimpa njia nyingine: sindano nyembamba yenye joto, itakayokiunguza kivimbe kutoka ndani huku yeye akiifuata kwenye skrini ya ultrasaundi.

"Hutapasuliwa, wala hutalala usingizi," alimwambia. "Karibu na hapo pana neva inayoendesha sauti, kwa hiyo nitakusemesha kila mara. Sauti ikibadilika, naacha papo hapo."

Siku ilipofika niliruhusiwa kuketi pembeni, nimevaa koti na tai. Mjukuu alitiwa ganzi, sindano ikaingia.

"Haya, jana nani kashinda?" daktari aliuliza.

Kimya.

"Dada, unanisikia? Sema chochote."

Kimya. Daktari alizima joto mara moja. Kisha niliona kwamba macho ya mjukuu yananitazama mimi, na midomo ameibana vilevile alivyoibana utotoni. Hapo nikaelewa.

Nilifundisha useremala hadi kustaafu, na mtoto huyu alikulia katika karakana yangu. Humo sheria ilikuwa moja: fundi akishika chombo chenye ncha, hakuna kufungua mdomo. Aliyeongea alitolewa nje, awe mwanafunzi au mjukuu.

Nilisimama wima. "Hapa si karakana. Fundi amekuuliza. Mjibu!"

"Kweli, Babu? Maana umekunja uso uleule!"

Sauti ilikuwa nzima, kali kama filimbi ya refa. Daktari alishusha pumzi.

"Mzee wangu, kidogo uniue mimi, kivimbe kibaki!"

Kazi ikaendelea. Nami niliamriwa kutabasamu, amri ngumu kuliko zote nilizowahi kutii. Kila joto lilipositishwa, mjukuu alitangaza: "Sindano imeingia eneo la hatari, mabeki wamelala, kivimbe hakina pa kukimbilia!"

"Taratibu, bingwa," daktari alimwonya huku akizuia kicheko. "Ukinichekesha, mechi inavunjika."

Alirudi nyumbani siku ileile, plasta ndogo shingoni, akiongea njia nzima.

Kivimbe kilinywea mwezi baada ya mwezi, na sasa anameza bila taabu. Wiki hii amepewa fainali kuitangaza, heshima ambayo nimewaarifu majirani wote, pamoja na wasiouliza. Mazoezi anayafanyia karakanani, mimi nikiwa na randa mkononi. Jana nilinyanyua kichwa, naye akakatiza goli katikati.

"Nitoke nje, Babu?"

"Kaa hapo hapo," nilimjibu. "Na hilo goli ulimalize. Sentensi haiachwi nusu."