Mkimbizi Aliyezaliwa Bura

Mashine ya alama za vidole ilikikataa kidole gumba cha Idman mara mbili. Mara ya tatu ikakikubali, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Afisa wa vitambulisho alikuwa anatafuna mahamri. Aliacha kutafuna, akasogeza uso karibu na kompyuta, akasoma, akarudia kusoma, kisha akamtazama msichana aliyeketi mbele yake kama mwenye duka anavyoitazama noti asiyoiamini.

"Unaitwa nani vile?"

"Idman Shuaib."

"Umezaliwa wapi?"

"Bura. Bura ya Fafi, hapa hapa Garissa. Cheti cha kuzaliwa kiko hapo mbele yako."

"Cheti nimekiona." Akakisukuma kwa ncha ya kalamu. "Lakini mashine inasema wewe ni mkimbizi. Uliandikishwa kambini Dadaab mwaka wa elfu mbili na kumi na moja. Mkimbizi hapewi kitambulisho cha Mkenya, dada. Hiyo ni sheria, si mimi."

Foleni nyuma yake ilinyamaza. Watu wa Garissa hupenda kelele, lakini neno mkimbizi likitajwa katika ofisi ile kila mmoja huanza kuhesabu dhambi zake. Idman aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Baba yangu alikuwa na kitambulisho mpaka anakufa. Mama anacho. Babu yangu amezikwa Bura."

"Na vidole hivi ni vya nani? Vya jirani?"

Mtu mmoja akacheka. Afisa naye akatabasamu, akarudi kwenye mahamri yake. "Anayefuata!"

Ilikuwa mwezi wa Mei. Idman alikuwa na miaka kumi na tisa, gredi ya A, na barua ya ufadhili wa kusomea udaktari nchini Hungaria. Wafadhili walikuwa wamekwisha kuwapangia wanafunzi wote siku moja ya kuombea viza ubalozini Nairobi: Jumanne, tarehe ishirini Agosti, saa tatu asubuhi, kila mmoja na pasipoti yake. Asiyefika siku hiyo nafasi yake apewe mwingine. Bila kitambulisho hakuna pasipoti, na bila pasipoti hakuna viza. Mtoto wa chekechea angeielewa hesabu hiyo.

Alimkuta mama yake, Sirad, sokoni akiuza maziwa ya ngamia. Idman hata hakumsalimu.

"Hooyo, uliwahi kunipeleka kambini?"

Hooyo ni mama kwa lugha yao, na mama naye humwita mtoto wake hivyo hivyo. Sirad aliweka kikombe cha kupimia juu ya mtungi. Akakifuta. Akakifuta tena.

"Nani amekwambia?"

"Mashine."

Sirad akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. Kisha akasema yote bila kupunguza. Mwaka ule wa ukame mbuzi walikufa mmoja mmoja, halafu kumi kumi, halafu hapakuwa na wa kufa. Keinan, mdogo wake Idman, walimzika njiani Jumatatu. Kambini wakafika Alhamisi. Mwanamke aliyesimama mbele yake kwenye foleni aligeuka akamnong'oneza: wakikuuliza unatoka wapi, usiseme Bura. Mkenya hapewi unga. Sema Kismayu, ng'ambo ya mpaka.

"Nikasema Kismayu. Wakachukua kidole changu, wakachukua na chako. Ulikuwa na miaka sita, ulifurahia ile taa ya kijani. Jioni ukala ugali." Akamtazama bintiye machoni. "Ungekuwa wewe, ungesema nini?"

Idman alikuwa na hasira tu, na hasira yenyewe ikamtia aibu, kwa sababu Kismayu ile ndiyo iliyomfanya afikishe miaka saba.

Basi wakaanza kuzunguka. Kwanza walikwenda ofisi ya kambi kuomba jina lifutwe. Karani wa huko alifungua kompyuta yake, akasema hakuna cha kufuta. Kadi yao ya mgao ilikatwa zamani, pale ilipogunduliwa kwamba wao ni Wakenya. "Ninyi mlitudanganya," akasema, kwa uchungu wa mtu aliyeibiwa unga wa nyumbani kwake. Wakaomba angalau awaandikie hayo kwenye karatasi wapeleke Garissa. Karani akasema yeye haandikii Wakenya barua, hiyo ni kazi ya serikali yao.

Haya! Ofisi moja inakwambia u mkimbizi, nyingine inakwambia u Mkenya, na zote mbili zinakufukuza.

Ikabaki kamati ya uhakiki, inayoamua nani ni Mkenya. Wazee watano na maafisa wawili, chini ya feni isiyozunguka. Mmoja wa wazee hao, Mzee Mohamedamin, alimwambia Idman ataje ukoo wake, naye akataja: Idman, Shuaib, na kuendelea, babu baada ya babu, majina kumi bila kujikwaa, kama alivyofundishwa tangu hajajua kusoma. Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alimjua babu wa nne, akamjua na ngamia wake.

"Huyu ni wetu," Mzee Mohamedamin akasema. "Wallahi ni wetu. Naweka jina langu hapo."

Afisa alimsikiliza kwa adabu. "Mzee, babu kumi tumewasikia. Lakini mashine haina babu. Orodha ya majina itakwenda Nairobi, Nairobi watajibu. Subiri, msichana. Utaitwa."

"Lini?"

"Utaitwa."

Mwenzake Idman, Deeq, hakusubiri kuitwa. Huyo alikuwa kwenye foleni ile ile ya unga, mwaka ule ule, ila baba yake sasa ni mwakilishi wadi. Jina lake lilifutwa kwa wiki moja. Yuko Malaysia anasomea uinjinia, na kila Ijumaa anatuma picha akiwa amevaa miwani ya jua. Idman humjibu "Mashallah" na kuizima simu.

Juni ikapita, Julai ikapita. Kila Jumatatu alikwenda kuulizia, mpaka mlinzi wa lango akawa anatikisa kichwa kabla hajafika. Tarehe kumi na nane Agosti Sirad akasema wamesubiri vya kutosha.

"Tunakwenda hivyo hivyo."

"Bila pasipoti?"

"Kwetu mwenye shida hatumi karatasi. Huja mwenyewe akaketi mlangoni kwa mwenye uwezo, asile wala asinyanyuke, mpaka asikilizwe. Mtu akikuona uso kwa uso atakukataaje? Tutalala kwa binamu yangu Hinda, Eastleigh, na Jumanne alfajiri tutakuwa mlangoni."

Idman alijua ubalozi si boma la mzee. Alijua vizuri sana. Lakini alikuwa amechoka kujua peke yake, na Jumatatu asubuhi akapanda basi.

Hawakwenda mbali. Kwenye kizuizi cha daraja la Tana abiria wote waliteremshwa, kama kawaida, wavuke kwa miguu kitambulisho mkononi. Sirad alitangulia. Polisi alikitupia jicho kitambulisho chake, akampungia mkono apite. Idman akatoa kwenye bahasha cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, na barua ya miadi.

"Kitambulisho."

"Sijapata, afande. Nina barua ya ubalozi."

Polisi aliisoma yote, polepole, mpaka muhuri wa chini. Akamwita mwenzake. "Njoo umwone huyu. Anakwenda Ulaya, na Tana tu hajaivuka!"

Wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Yule wa kwanza akamrudishia karatasi zake zikiwa zimepangwa vizuri.

"Rudi nyumbani, dada. Nikikuachilia hapa, kwenye kizuizi cha Mwingi watakushusha, na huko utalala ndani kama mkimbizi aliyetoroka kambi."

Sirad alirudi mbio, buibui likipepea, na Kiswahili chake cha kuokoteza. "Afande, huyu mtoto yangu! Mimi nazaa yeye Bura! Wacha yeye nabita!"

"Mama, panda gari lako. Ama ubaki naye."

Dereva alipiga honi. Sirad alimwangalia polisi, akaliangalia basi, kisha akanyoosha mkono juu ya kizuizi.

"Nipe bahasha."

"Hooyo, unakwenda wapi?"

"Kosa ni langu. Nitakwenda mimi."

"Kiingereza hukijui. Kiswahili chenyewe hukijui!"

"Kuketi hakuhitaji lugha."

"Wanataka vidole vyangu, hooyo! Siku hiyo wanachukua alama za vidole. Vyangu mimi, si vyako, si vya mtu mwingine!"

"Vidole ndivyo vilivyotuponza," Sirad akasema. "Safari hii nawapelekea uso." Akaipokonya bahasha, akaikumbatia kifuani, akaenda. Utingo alimvuta mkono akampandisha basi likiwa linaondoka.

Idman alibaki upande wa Garissa. Lori la ng'ombe lilikuja, likakaguliwa, likapita. Polisi akamwambia asogee kando, anaziba njia, naye akasogea. Hakulia. Alikuwa anawaza jinsi mlinzi wa ubalozi atakavyomwondoa mama yake pale kwenye lami: kwa maneno au kwa kumshika bega.

Simu ikalia.

"Hooyo," sauti ya Sirad ilikuja katikati ya kelele za injini, yenye haraka na nguvu, kama ya msichana anayetumwa dukani. "Nimekaa na mwanamke mzuri, anajua Nairobi, atanionyesha stendi. Lakini mimi sijui kusoma, nitapotea mbele ya milango ya watu. Niambie, mlango wa ubalozi una rangi gani?"

Idman hakuwahi kuuona mlango huo.

"Bluu," akasema.

"Bluu. Vizuri. Nitaketi hapo."