Upande Laini wa Uzio

Mtaani kwetu, nje kidogo ya San Antonio, hupigilii msumari kabla chama cha wenye nyumba hakijakubali. Mimi nilisoma shule ya jioni miaka mingi nikitoka kazini, kwa hiyo kanuni hazinitishi. Nilizisoma zote kabla ya kununua hata ubao mmoja. Uzio uwe wa mbao, usizidi kimo cha mtu, upande laini uelekee kwa jirani. Zile mbao za kulala zinazoshikilia uzio zibaki ndani, kwa mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokwama. Mke wangu, Verna, siku hizi anasahau. Amekulia shambani, na mbao za kulala kwake ni ngazi. Nyuma yetu kuna barabara kuu. Wiki ya Pasaka dereva wa lori alimrudisha nyumbani amemshika mkono.

Nikavaa tai, nikaenda kwenye kikao cha kamati kuomba mbao za kulala zikae nje.

"Mzee Gaskill," akasema mwenyekiti, Bi Pruitt, "tukikuruhusu wewe, kesho kila mtu atatuonyesha mgongo wa uzio wake."

"Mke wangu ataparamia, mama."

"Kwa umri ule?"

"Mwambie wewe. Mimi hanisikii."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi funga mlango wa nyuma."

"Simfungii mke wangu ndani kama kuku."

Wakapiga kura. Nikashindwa.

Nikajenga upande laini ukiwa nje, kama walivyotaka. Kisha nikapigilia mbao nyingine kwa ndani, nikazifunika zile za kulala zote. Uzio ukawa laini kwa jirani na laini kwa Verna.

Bi Pruitt akaja, akachungulia langoni. "Huu hukuuombea kibali."

"Kanuni zinataka nje kuwe laini. Gusa."

"Na ndani?"

"Ndani ni kwangu."

"Kamati inaweza kuamuru uubomoe, mzee wangu."

"Iamuru. Ila ubao wa kwanza uje uung'oe wewe mwenyewe, tena mchana, Verna akiwa amekaa hapa anakutazama."

Verna alikuwa ameshainuka kitini pale uani. Akaupapasa uzio kutoka kona hadi kona, akiinua mguu, akitafuta pa kukanyaga. Hakupata. Akaguna, akarudi kukaa juani.

Bi Pruitt alimtazama muda mrefu.

"Kikao ni Jumanne," akasema.

"Nitakuwepo," nikamjibu, nikafunga lango.