Utepe wa Bi Stamatia

Bi Stamatia alikuwa anachambua dengu kwa mkono mmoja, kama kawaida yake, pale utepe wa karatasi uliofungwa mkono wake wa kushoto ulipolegea. Haukuwahi kulegea tangu binti yake Garifalia apande meli kwenda Australia kuolewa. Siku ile kila mtu gatini alirusha utepe, mama kashika ncha hii, mtoto kule melini kashika ile, na meli ilipoondoka tepe zote zikakatika, watu wakalia, wakarudi makwao. Wa Bi Stamatia haukukatika. Ulirefuka tu. Miaka kumi na kitu sasa unatoka mkononi mwake, unapita dirisha la jikoni, unakatiza mitaa ya Perama hadi baharini, na majirani wanauruka na vikapu vyao vya sokoni bila hata kukatisha umbea.

"Umelegea," akamwambia mwanawe Pandelis.

Pandelis, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa anachovya mkate kwenye mafuta ya zeituni. "Lazima ulegee. Kaliroi imerudi. Iko kwetu karakanani, jana tumeanza kuikata."

Kaliroi ndiyo meli iliyomchukua Garifalia. Siku hizi wahamiaji wanapanda ndege, kwa hiyo wenye meli waliamua iwe ya starehe: izunguke visiwa, irudi palepale ilipotoka. Vyumba vya daraja la tatu vinang'olewa, linawekwa bwawa la kuogelea na ukumbi wa kamari.

Bi Stamatia akafunga kitambaa chake cheusi, akaufuata utepe huku anauviringisha mkononi. Ukampandisha ngazi ya meli, ukampitisha kwenye ukumbi wa dansi ambako mafundi walikuwa wanakula vitunguu juu ya piano, ukamteremsha chini, chini kabisa, hadi kwenye chumba cha vitanda sita. Garifalia alikuwa amekaa kitanda cha chini, koti mwilini, sanduku magotini. Uso ulikuwa uleule alioondoka nao. Mikono ndiyo iliyozeeka.

"Mama, umenenepa."

"Na wewe umekonda. Kwa nini hukushuka?"

"Yule bwana alikuja gatini na picha yake mkononi, kama ile aliyotutumia. Picha ya kijana, mama. Mwenye picha, rika la babu. Nikasema simtaki. Ofisa akasema bibi harusi hashuki hivihivi, lazima apokelewe na mwanamume. Hakutokea mwingine. Wakanipa shuka za meli nifue, nisile bure."

Ofisa wa meli aliyesimama mlangoni, mtu mpole sana, alikubali kwamba ndivyo ilivyo.

"Baba yake yupo?" akamuuliza Bi Stamatia.

"Alishakufa."

"Kaka?"

"Yuko hapo juu anakata bomba."

"Basi mbona rahisi, mama? Asimame chini ya ngazi, anyooshe mkono, aseme nimempokea. Imekwisha."

Bi Stamatia akapanda mbio. Pandelis akazima moto wake.

"Mama, usinifanyie hivyo mbele za watu," akasema chinichini. "Mgahawani wote wanajua dada yangu kaolewa Melbourne. Ana watoto watatu. Wa kwanza nimempa jina la baba."

"Watoto umewazaa wewe kwa mdomo wako!"

"Sawa, lakini watu wameshawanywea pombe ya pongezi. Sasa nikawaambie alimkataa mume, akakaa na mabaharia miaka yote hii? Mimi nina binti wa kuoza."

"Ni mkono tu, Pandelis. Nyoosha mkono."

Pandelis akawasha moto.

Majira yote ya baridi yakapita hivyo. Kila mchana Garifalia alisimama juu ya ngazi na sanduku lake, mama chini na utepe, na Pandelis akapita katikati yao akienda kula.

"Hujambo, Garifalia."

"Sijambo, kaka. Wanangu wa Melbourne hawajambo?"

"Hawajambo. Yule mdogo kaanza shule."

Mafundi walikata vyumba vyote wakakizunguka kile kimoja, wakaweka mashine za kufulia mlangoni pake, na juu yake bwawa. Meli ikapakwa rangi nyeupe. Siku ya kuondoka bendi ilipiga, watalii wakarusha tepe za rangi, na zote zikakatika kabla meli haijatoka bandarini. Wa Bi Stamatia ulijikunjua mkononi taratibu, ukakaza. Akarudi nyumbani kumalizia dengu.

Pandelis akaja, akauinua utepe kwa vidole viwili kama alivyozoea, akapita chini yake.

"Leo kuna nini?"

"Dengu."

Akala sahani mbili. Jioni akaenda mgahawani, akawaagizia watu wote kinywaji: dada yake Melbourne kajifungua wa nne, wa kike. Wakagonga glasi, wakamwombea mtoto maisha marefu.