Pistoni ya Tatu

Corolla ya Bi Wahiba ilirudi gereji siku ya tisa tangu tuifanyie injini matengenezo, na nilijua kuna balaa kabla hajaizima. Moshi wa bluu ulitoka kwenye ekzosi ukaenda moja kwa moja kwa mama lishe wa jirani, ambaye alifunika masufuria yake huku akitutazama kwa jicho baya. Bi Wahiba, mwenye duka la vitenge Buguruni, alishuka taratibu. Hakugomba. Alisema tu kwamba majirani zake wanamuuliza ni fundi gani huyo, ili wao wasiende kwake.

Maneno hayo yalimwendea Mzee Anselmo, mwenye gereji hii yetu ya Tandika, mtu aliyenifundisha kazi tangu sijui kushika spana. Ni miaka kumi na minne sasa. Alimwomba radhi, akamtolea kiti, akaniambia niwashe gari.

Mzee hana haraka ya kufungua vitu. Alisimama nyuma ya gari, akakinga kiganja kwenye ekzosi, akanusa. Moshi mweupe ungekuwa maji, mweusi ungekuwa petroli nyingi. Huu ulikuwa oili inayoungua. Kama ungetoka asubuhi wakati wa kuwasha tu kisha ukatulia, tungelaumu sili za valvu, lakini huu ulizidi kila nilipokanyaga mafuta. Tukatoa plagi. Tatu zilikuwa kavu, ile ya silinda ya tatu ikatoka imelowa oili. Nikapima kompresheni, yaani mgandamizo wa kila silinda, ya tatu ikawa chini. Akaniagiza nidondoshe oili kidogo kwenye tundu la plagi nipime tena, na mshale wa kipimo ukapanda, maana oili ilikuwa imeziba pengo.

“Ringi,” akasema.

Hapo nikakumbuka.

Mzee ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wateja hawajui. Ringi za pistoni zina herufi ndogo upande mmoja, nazo lazima zitazame juu. Ukiigeuza ringi, badala ya kukwangua oili irudi chini, inaipandisha ikaungue. Kwa kuwa Mzee hazioni herufi hizo, tulikuwa na utaratibu wetu: akishavalisha ringi ananinyooshea pistoni na kuniuliza kama maandishi yako juu, mimi naangalia, namjibu. Siku ya Corolla, alipofika pistoni ya tatu, nilikuwa nimeinamia simu. Mkeka wangu wa kubashiri mpira ulikuwa umebakiza timu moja. Nilijibu “juu” bila hata kuinua kichwa. Na mkeka wenyewe ulichanika.

Kesho yake tulishusha injini. Mzee aliitoa pistoni ya tatu kwa mikono yake, akaipapasa ringi kwa ukucha, akausikia ukingo uliolika upande usio wake, alama ambayo ringi mpya haina, akajua imegeuzwa. Kisha akamwendea Bi Wahiba, aliyekuwa amerudi kuulizia gari lake, pale kwenye kiti.

“Kosa ni langu, mama. Macho yangu yamechoka, nimefunga vibaya.”

Bi Wahiba alilainika, akaanza kumpa pole. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, mdomo ninao na ulimi ninao, nikasugua bloku la injini lililokwisha kuwa safi. Niliona aibu mbele ya mteja, ndivyo nilivyojidanganya. Lakini Bi Wahiba aliondoka, tukabaki wawili siku nzima, na bado sikusema.

Nilifunga ringi mpya peke yangu, nikiangalia kila moja mara tatu. Jumamosi gari likaondoka bila moshi. Mzee alilisindikiza kwa masikio mpaka lilipokata kona, halafu akaniita tukae kwenye benchi. Akaniambia ameamua kuacha kazi. Wiki ijayo anarudi kwao Masasi, na gereji anataka niichukue mimi, kwa kuwa nina macho mazima na hajawahi kuniona nikimfanyia mteja ujanja.

Nitasema ukweli, kwa dakika moja nilifurahi. Gereji hii nimeitamani miaka. Ni furaha hiyo iliyonifungua mdomo.

“Mzee, si macho yako. Uliniuliza, nikakujibu bila kuangalia. Nilikuwa kwenye simu.”

Hakushtuka. Aliendelea kufuta spana moja moja kwa kitambaa. Nikaongeza kwamba basi hana sababu ya kuacha, kwamba mkono wake ni uleule, kwamba nitakwenda mwenyewe Buguruni nikamweleze Bi Wahiba. Nilizungumza sana, kama mtu anayejilipia faini mwenyewe.

“Kwa hiyo unaona umenirudishia kazi,” akasema.

Nikamsogezea spana iliyofuata.

“Mfaume, mie macho yaliisha zamani. Nilikuwaga nafanya kazi na ya kwako. Sasa kesho nikikuuliza, ukanijibu, mie nitajuaje?”

Nilitaka kumwapia palepale. Nikaona kwamba hata kiapo kingekuwa ni jibu jingine tu la kutoka mdomoni mwangu, na yeye hana namna ya kulikagua. Akafunga boksi la spana, akalisukuma upande wangu wa benchi, akanyanyuka kwenda kunawa mikono; safari ya Masasi haikubadilika.