Picha ya Kabla

Hezekiah wa shirika alishuka garini pale Lurambi akiwa na mguu kwapani. Ulikuwa mguu wa plastiki, rangi ya chai ya maziwa, umetengenezwa kwa kipimo cha Nafula. Maximilla alipouona alishika nguzo ya jiko asije akaukimbilia. Wake mwenyewe aliusubiri miaka minne.

Trela ya miwa ndiyo iliyomla Maximilla mguu wa kushoto, chini ya goti. Alipochoka kuonewa huruma, alilaza fito mbili ndefu za mkaratusi juu ya nguzo fupi nyuma ya jiko, akajifunza kutembea katikati yake kama mtoto wa mwaka mmoja mwenye matusi ya mtu mzima. Tangu hapo watu sita wamejifunzia humo. Nafula alikuwa wa saba: mkata miwa aliyejikata muundi kwa panga, kidonda kikaoza, mguu ukaenda. Aliletwa kwa mkokoteni, akalala miezi mitatu akiutazama ukuta. Sasa alikuwa jikoni, amesimama kwa mkongojo, anasonga obusuma, ugali wa wageni.

Kusimama huko ndiko kulikomkera Hezekiah.

Alitoa fomu, akaeleza kwa upole wa mtu aliyehudhuria semina nyingi kwamba wafadhili hutaka picha mbili. Kuna picha ya Baada, mnufaika akitabasamu. Hiyo haina shida. Lakini hutanguliwa na ya Kabla, mnufaika akiwa chini, amekata tamaa. Bila Kabla, mguu unarudi Nairobi. Hata mkeka walikuwa wamebeba, na leso iliyochanwa kwa ustadi. Michelle, msichana mpiga picha, aliishika leso hiyo kwa vidole viwili, macho yake yakitafuta mahali pa kujificha.

"Mama, ni dakika tano tu," alisema Hezekiah. "Aketi, ainamishe kichwa, akumbuke machungu."

Mwiko ulinyamaza jikoni. Kisha Nafula akasema, kwa ile sauti ya zamani, sauti ya ukutani, "Nitakaa tu, Senje. Nimezoea." Alimwita Senje, yaani shangazi, ingawa hawakuwa ndugu.

Hilo neno "nimezoea" lilimuuma Maximilla kuliko trela. Alikuwa amemng'oa msichana huyu sakafuni kidogo kidogo, kwa kubembeleza, kwa kutukana, na siku moja kwa kummwagia maji ya baridi. Akirudishwa chini leo, nani ana nguvu za kumwinua tena? Na asipokaa, mguu ule utapanda gari uende zake.

"Sawa," Maximilla akasema. "Lakini huku tuko na sheria. Kila anayekuja kwa ajili ya mwanafunzi tunamfunganga mguu kwanza, apite kwa hizi fito. Mume wake alipita. Pasta alipita. Wewe pita mara moja, kwenda tu, na Nafula atakaa kwenye tope lolote utakalochagua."

Hezekiah alicheka, akawaarifu kwamba shuleni alikuwa mchezaji wa pembeni, tena wa kutegemewa. Akavua koti. Maximilla alimkunja goti la kushoto, akalikaza kwa ile leso iliyochanwa, fundo lile la kufungia ng'ombe msumbufu.

Mruko wa kwanza aliuruka kwa mbwembwe. Wa pili aligundua kwamba ana tumbo. Wa tatu mvua ya jana ilimpokea. Alikwenda chini mzima mzima, kichwa kikapenya chini ya ufito hadi upande wa pili, makalio yakabaki yakiitazama Lurambi yote. Alijaribu kuinuka, akateleza. Akajaribu tena.

"Nisaidieni," akasema, kwa sauti ndogo isiyotoka semina yoyote.

Kamera ililia. Nafula alitoka jikoni kwa mkongojo, mikono imejaa unga, akicheka kicheko ambacho Maximilla hakuwahi kukisikia.

"Bosi, usijivute hivyo, utavunjika," alimwambia. "Shika hapa. Na hapa. Sasa pumua. Ukitaka kutukana, tukana, inasaidia."

Akamtia mkono kwapani, akamwinua.

Hezekiah alijipangusa tope, akajikohoza, akasema kwamba hata hivyo utaratibu ni utaratibu, Kabla haijapatikana. Michelle akamgeuzia kamera. Kulikuwa na mtu chini, hana uso, mguu mmoja hauonekani, leso imechanika, tope tupu.

"Imepatikana," alisema Michelle. "Na huzuni iko, bosi. Tena ya kweli."

Hezekiah aliitazama. Maximilla alimwona akiwaza ni wenzake wangapi ofisini wangetumiwa picha ile kwa simu. Kisha akaomba kalamu, akatia sahihi, akauweka mguu mikononi mwa Nafula bila hotuba.

Desemba shirika lilituma kalenda. Kulia yuko Nafula, amesimama kwa miguu miwili. Kushoto kuna makalio yenye tope, na chini yake maandishi mazuri ya dhahabu: "Mnufaika wetu, kabla ya kuinuliwa."

Nafula aliitundika kwenye nguzo ya kwanza ya fito. Siku hizi yeye ndiye anayewafunga mguu jamaa za wanafunzi wapya, na hakosekani mmoja wa kumuuliza yule wa kushoto ni nani, maskini, na kama alipona.

"Huyo alikuwa wa nane," Nafula huwajibu, akikaza fundo. "Aliacha masomo."