Silinda Tatu na Mikono ya Dada

Kabla injini ile haijawa chuma, Bi Milimita alikuwa akiiota. Aliiota ikielea chumbani peke yake, bila gari wala magurudumu, pistoni zake tatu zikipanda na kushuka taratibu kama vifua vya watu waliolala. Akiamka bado aliisikia masikioni, na hata akipiga mswaki mkono ulifuata mapigo yake.

Jina hilo alipewa na wenzake katika chumba cha usanifu cha kampuni kubwa ya magari, kwa sababu neno "karibu sawa" lilimtia homa. Chumba kilikuwa kirefu, mapazia yameshushwa mchana kutwa ili jua lisiguse skrini, na watu waliongea chini chini kama waliomo wodini. Katika mwanga ule wa samawati, saa zilipita bila kubisha hodi.

Injini aliyokabidhiwa ilikuwa ndogo: silinda tatu kwenye mstari mmoja, kila moja na kipenyo cha milimita sabini na moja, pistoni ikisafiri milimita themanini na nne kutoka chini hadi juu. Ukijumlisha ujazo wa zote tatu, unapata lita moja kasoro kidogo sana. Ilikuwa ya gari la mjini, nyepesi, isiyokunywa mafuta kwa pupa. Ila ilikuwa na ila yake: ilitikisa kichwa. Pistoni za mwanzo na mwisho hazikupanda pamoja, basi injini nzima iliinama mbele, ikainuka, ikainama tena, kama mtu anayesinzia mkutanoni.

"Tuweke shafti ya kusawazisha," Bi Milimita alimwambia mkuu wa idara. "Itazunguka kinyume na kuua mtikisiko."

Mkuu huyo walimwita Mzee Punguza, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolipenda kuliko yote. Alishusha miwani.

"Ina uzito gani?"

"Kilo mbili na ushee."

"Punguza."

"Nipunguze hadi ngapi, mzee?"

"Hadi isiwepo."

Basi Bi Milimita akarudi kwenye skrini yake. Alizungusha michoro mpaka macho yakawa mazito, na mara nyingine hakujua kama alikuwa anafikiri au anaota. Mwishowe aliongeza uzito mdogo ubavuni mwa puli ya mbele, na mwingine, upande wa pili, kwenye gurudumu zito la nyuma ya injini. Mtikisiko haukufa. Uliacha tu kwenda juu na chini, ukageuka kwenda kushoto na kulia, upande ambao mipira inayoshikilia injini iliweza kuumeza.

Siku ya majaribio waliifunga injini kwenye meza ya chuma, wakaiwasha, wakaiacha ingurume polepole. Mzee Punguza aliweka kikombe chake cha chai juu ya kifuniko cha injini. Chai ilikunja uso kidogo, ikatulia. Aliitazama kitambo, akakichukua kikombe, akainywa yote.

"Imepita," alisema.

Bi Milimita aliruhusiwa kuondoka mapema. Alitembea kwenda nyumbani kama asiyekanyaga chini.

Aliishi na dada yake mkubwa, mshonaji, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Sebule yao ndiyo ilikuwa chumba cha kazi: cherehani dirishani, nguo za watu zikining'inia ukutani bila wenyewe, vipande vya uzi kila mahali, hadi kwenye sukari. Alasiri ile Dada alikuwa amepitiwa na usingizi kitini, gauni la bibi harusi limemfunika magoti kama povu. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya kitambaa, imetulia tuli. Bi Milimita alisimama mlangoni, hakutaka kumwamsha.

Dada aliamka mwenyewe. Hakumwona mdogo wake. Alichukua sindano, akalamba uzi, akaulenga kwenye tundu. Uzi ulipita kushoto. Ukapita kulia. Mikono yote miwili ilikuwa ikitetemeka.

"Dada."

Mikono ilizama chini ya gauni. "Mbona mapema? Wamekufukuza?"

"Imeanza lini hiyo?"

"Nini? Hii? Ni baridi."

"Baridi gani, na jasho linakutoka?"

Dada alicheka, kisha akaacha kucheka. Alisema ilianza na mvua za mwaka jana. Alikwenda hospitali peke yake, daktari akamwambia si ugonjwa wa kuua. Alipewa vidonge. Vilimfanya asinzie mchana, na mtetemo ulikuwa palepale akiamka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanyaje, mdogo wangu? Una yako."

Swali hilo Bi Milimita alilichukua kama kazi. Si alikuwa ametoka kuituliza injini nzima? Kwa siku kadhaa alimtazama Dada kwa pembe ya jicho: akimimina chai, akishikiza vifungo, akichana nywele. Alihesabu mapigo kwa kugonga kidole pajani. Kisha alichora bangili mbili za chuma, nzito upande wa chini wa kifundo cha mkono, akampelekea mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma katika karakana ya kampuni.

"Hizi ni za gari gani?" mkerezaji aliuliza.

"Si za gari. Ni za dada yangu."

Yule mtu aliipokea michoro. Alizikereza, akazisugua kingo mpaka zikawa laini kama kokoto za mtoni, akazifunga kwenye kitambaa safi.

Bi Milimita aliziweka mezani mbele ya Dada kama mtu aletaye keki. Alieleza yote: uzito, pembe, mapigo matano na nusu kwa sekunde. Alipofika hapo Dada aliinua mkono.

"Umenihesabu?"

"Ilibidi nijue—"

"Nilikuwa nakunywa chai, wewe unanihesabu." Sauti ya Dada haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi si injini, mama. Mimi nimekubeba mgongoni. Ungeniuliza kwanza."

Alizisukuma bangili pembeni, akaendelea kukunja vitambaa.

Nyumba ikanuna. Walisalimiana, walipeana chumvi, basi. Kazini Bi Milimita alikaa mbele ya pistoni zake zilizopanda na kushuka kwenye skrini, na kwa mara ya kwanza hazikumwambia kitu. Jumapili asubuhi alikwenda jikoni alikokuwa Dada, akavuta kigoda, akaketi miguuni pake kama zamani alipokuwa akisukwa nywele.

"Nisamehe, Dada. Niambie wewe mwenyewe, inakuwaje?"

Dada alimenya kitunguu. Halafu akaanza kusema. Alisema asubuhi huwa nafuu. Alisema akitazamwa huzidi. Alisema tundu za vifungo ndizo zinazomliza, na kwamba ameshawahi kumharibia mteja kola akasingizia panya. Hapo wakacheka wote wawili, kitunguu kikiwatoa machozi ya ziada.

Bangili alizivaa wiki iliyofuata, bila kutangaza. Alizishonea vifuko vya kitambaa cha maua. Mshono wa kunyooka ulinyooka. Tundu za vifungo zikabaki kaidi vilevile.

"Basi nitaacha magauni," alisema siku moja, akiifunika cherehani. "Nitashona mapazia na mashuka. Sijaona pazia lenye kola."

Alilisema kwa mzaha, lakini gauni la mwisho la harusi lilipochukuliwa alilisindikiza hadi kona ya mtaa, akarudi polepole.

Gari la majaribio lilipokuwa tayari, kampuni iliruhusu kila msanifu alete ndugu mmoja kwenye uwanja wa kujaribia magari. Ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye nyasi. Dada aliingia, akapapasa kiti kabla ya kuketi.

"Nani kashona hiki? Mshono umelewa."

"Ni cha majaribio, Dada."

"Hata mimi nilijaribu nikiwa mtoto, haukwenda hivi."

Walizunguka. Barabara ilikuwa duara kubwa lisilo na gari jingine, ukungu ukifunguka mbele na kujifunga nyuma, na injini ikivuma chini kwa chini kama mtu anayeimba huku akifanya kazi nyingine. Dada alifumba macho, akayafumbua.

"Nami nataka kuendesha."

"Hujui kuendesha."

"Nifundishe."

Bi Milimita alisimamisha gari. Wakabadilishana viti, wakigongana mbele ya boneti kwa kicheko. Dada alishika usukani kwa mikono yote miwili, akaukaza. Gari likaruka, likazimika. Likawashwa, likaruka tena, kisha likaanza kwenda, kwa mwendo wa mtu anayetoka msikitini. Mfanyakazi aliyeongoza magari kwa bendera pembeni mwa uwanja aliacha kupunga, akasimama kutazama.

"Kushoto au kulia?" Dada aliuliza, shingo imenyooka, pua karibu na kioo.

"Ni duara, Dada. Nenda tu."

Na Dada akaenda.